Agiza mchicha kabla haujasiwa

Mwezi uliopita nilikuwa uani kwa mama mmoja kule Kisauni, ambaye hupanda mboga ndani ya magunia 12 ya udongo. Majani machanga ya sukumawiki yake yalikuwa yamegeuka manjano, imebaki mishipa tu ndiyo ya kijani.

"Mwanangu, mbolea ya dukani nimetia mara mbili, na bado yazidi," akaniambia.

Nikachota udongo kiganjani. Ulijaa vipande vyeupe vya matumbawe.

Huo ndio udongo wetu wengi wa Mombasa. Una chokaa nyingi, na chokaa hukifunga chuma kilichomo ardhini, mizizi ikashindwa kukifyonza, na jani lisilopata chuma hugeuka manjano. Mbolea ya dukani kama yurea haiondoi tatizo hilo, hata umwage gunia zima. Tulimwaga udongo, tukauchanganya na mboji na samadi ya mbuzi, tukajaza upya. Samadi iwe imeoza hasa. Ikiwa mbichi huunguza mizizi.

Maji nayo yana mambo yake. Visima vingi vya huku ni vya chumvi. Ukiona kingo za majani zimeungua na ukoko mweupe umetanda juu ya udongo, chumvi imezidi. Maharagwe hayaiwezi kabisa, lakini mchicha na spinachi hustahimili kiasi. Gunia liwe na matundu chini, maji uyamwage shinani, na masika ikianza yaache magunia wazi mvua iyaoshe.

Wewe mnunuzi, haya yanakuhusu. Nyanya za Taveta na Loitokitok zinazoshushwa soko la Kongowea sina ugomvi nazo, kwa kuwa nyanya huvumilia safari. Mchicha hauvumilii. Uliochumwa alfajiri, kwa joto letu hili, jioni umeshalala. Kwa hiyo mboga za majani ndizo za kumtafutia mkulima wa mtaani kwako, awe Mtopanga, Likoni au Mikindani.

Ila usimwendee siku unayotaka kupika. Mchicha huwa tayari wiki 3 hadi 4 baada ya kusia, na ukicheleweshwa kidogo hukomaa ukatoa maua. Mkulima asiyejua nani atanunua husia wote kwa pamoja, huvuna wote kwa pamoja, kisha huutupa kwa bei yoyote. Nimeona wanawake hodari wakiacha kulima kwa sababu hiyo tu, na huniuma. Majirani watano wakimwagiza mapema, kila mmoja na siku yake, atasia kidogo kidogo kila wiki na hakitaharibika kitu.

Siku ya kuagiza, muulize maji anayotoa wapi. Mboga iliyomwagiliwa maji ya mtaro wa vyoo mimi siili, hata ioshwe mara ngapi.

Juzi nilipita tena Kisauni. Yale majani ya zamani yamebaki na umanjano wake, lakini machipukizi yametoka kijani kibichi. Fungu langu ni la kila Ijumaa.