Friji Haijaishiwa Gesi: Dhana Potofu Kuhusu Usafi wa Mashine za Hoteli

Katika hoteli nyingi ndogo za River Road, Nairobi, na mitaa ya karibu, mashine ya chipsi husimama hatua mbili tu kutoka kwenye friji. Moshi wa mafuta unaopanda hapo hauishii darini. Feni ya friji huuvuta mpaka tumboni mwake, na kinachofuata huitwa ubovu wa mashine, ilhali ni uchafu uliokaa mahali ambapo kitambaa cha jioni hakifiki.

Dhana: Friji isipopoesha, gesi imeisha.

Gesi ya friji haitumiki ikaisha kama ile ya mtungi. Huzunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, na ikipungua, pana tundu. Kuijaza bila kuziba tundu ni kumlipa fundi mara mbili.

Kabla ya kuwazia tundu, tazama kondensa: mabomba yaliyoshikana na mapezi membamba ya bati, mara nyingi nyuma ya grili ya chini au juu ya friji. Ndiyo inayotoa nje joto lililoondolewa kwenye nyama na maziwa. Vumbi likinata kwenye mafuta, kondensa huvikwa blanketi. Kompresa, pampu inayozungusha gesi, hunguruma kutwa, tokeni za stima zinaisha upesi, kisha unaanza kusikia "tik": inawaka sekunde chache, inazima, baada ya muda inajaribu tena. Hiyo ni swichi ya kinga inayoikata isiungue. Ukiizoea sauti hiyo, siku moja mota itaungua kweli, na kompresa ndicho kifaa ghali zaidi ndani ya friji.

Chomoa plagi, usitegemee swichi pekee. Fungua grili. Funika mota ya feni na maungio ya nyaya kwa plastiki. Piga brashi laini kutoka juu kwenda chini, kufuata mapezi yalivyosimama. Ukipiga kwa upana yatalala na kuziba hewa zaidi. Vumbi lenye mafuta halitoki kwa brashi kavu, kwa hivyo nyunyiza sabuni ya kuyeyusha grisi kwa chupa ya kupulizia, subiri dakika 10, nyunyiza maji safi, kausha. Friji iliyo karibu na kikaango isafishwe kila mwezi. Ya soda iliyo mbele kwa wateja inaweza kungoja miezi 3. Ukiirudisha, acha nafasi ya kama sentimita 15 kutoka ukutani.

Dhana: Barafu iliyoganda ndani ichongwe kwa kisu.

Hapo ndipo lile tundu la gesi linapotoka. Zima, acha mlango wazi, weka sufuria ya maji ya moto ndani, ungoje.

Dhana: Ukibadilisha mafuta, mashine ya chipsi imesafishwa.

Mafuta mapya juu ya ukoko wa zamani hayabadilishi kitu. Kaboni iliyoshika elementi, ile koili inayopasha mafuta, huzuia joto lisitoke, elementi hupata moto kupita kiasi ndani kwa ndani, ngozi yake hupasuka na stima hukatika. Ukoko huohuo ukifunika kipima joto cha thamostati (kidhibiti joto), kile kijiti cha shaba kilicho kando ya elementi, hakisikii joto kwa wakati. Mafuta hupita nyuzi 190, yanageuka meusi mapema, nawe unayamwaga kabla ya siku zake.

Chuja mafuta kila siku. Mara moja kwa wiki, chomoa plagi, mwaga mafuta yakiwa ya uvuguvugu, toa makombo kwa kikwaruzo cha plastiki. Jaza maji mpaka elementi zizame vizuri, tia sabuni ya vyombo vijiko 2 kwa kila lita 8, kisha urudishe plagi na uchemshe polepole dakika 20 ukiwa hapohapo, kwa sababu povu hufurika. (Kwa mwinuko wa Nairobi maji huchemka kwenye takriban nyuzi 94, kwa hivyo usingoje 100.) Zima, chomoa, sugua, mwaga, suuza mara mbili, mara ya pili tia kikombe cha siki kwa lita 10 za maji. Kisha kausha kabisa, hata pembeni. Tone la maji chini ya mafuta ya nyuzi 180 hugeuka mvuke ghafla na kurusha mafuta usoni mwa mpishi.

Kichwa chenye swichi kisizamishwe majini kamwe. Na kile kijiti kirudi kwenye klipu yake. Kikining'inia mbali na elementi, mafuta yatachemka kupita kiasi. Uzi wake mwembamba ukipinda na kuvunjika, thamostati imekufa.

Dhana: Jiki hufanya chuma king'ae.

Klorini iliyo ndani ya jiki hula utando unaokinga chuma cha pua, na vidoa vya kutu huanza kwenye viungo na kona. Osha kwanza kwa sabuni na spunji, si waya. Ukihitaji kuua vijidudu, mililita 3 za jiki ya asilimia 3.5 kwa lita moja ya maji zinatosha, kisha suuza. Usiichanganye na siki hata kidogo, hutoa gesi ya sumu.

Dhana: Moto wa njano unamaanisha mtungi unakaribia kuisha.

Mara nyingi matundu ya bana yamezibwa na mchuzi. Yazibue kwa brashi ya waya wa shaba, osha, kausha kabisa. Tundu la pua ya gesi lisitanuliwe kwa sindano. Gesi itazidi hewa, na masizi yatarudi maradufu.

Dhana: Maji ni maji.

Maji ya mfereji ya Nairobi, mengi yakitoka mabwawa ya Ndakaini na Sasumua, yana madini machache kuliko ya kisima yanayoletwa na bowza siku za mgao. Hoteli inayotegemea bowza iangalie elementi ya birika la chai kila wiki. Ukiona ukoko mweupe, asidi ya sitriki gramu 30 kwa lita moja ya maji ya moto, dakika 30, kisha suuza mara mbili.

Dhana: Mpira wa mlango wa friji ukilegea, nunua mwingine.

Fungia noti mlangoni, uivute. Ikitoka bila kukwama, osha mikunjo ya mpira kwa maji vuguvugu ya sabuni na mswaki. Mara nyingi ni unga na mafuta yaliyoganda ndani. Kausha, ujaribu noti tena kwenye pande zote nne, hasa kona ya chini upande wa bawaba.