Ngoma za Mpambire na wateja wake

Ukishika barabara ya Masaka kutoka Kampala, wilayani Mpigi utafika Mpambire. Ngoma utaziona kabla hujasoma kibao: zimepangwa kando ya lami, kubwa chini, ndogo juu. Mimi hununua ngoma hapo, naziuzia shule na makanisa, na zikiharibika huziwamba upya. Swali ninaloulizwa sana ni kwa nini ngoma ya leo haidumu kama ya zamani. Wengi huwalaumu mafundi. Mimi nasema tuangalie wateja.

Mafundi wa Mpambire hujitambua kuwa uzao wa watengeneza ngoma wa Kabaka, mfalme wa Buganda, na kazi ya kasri haikuvumilia haraka. Chukua entenga, seti ya ngoma za kasri: ngoma 15, wapigaji 6, na 12 kati ya ngoma hizo zimelinganishwa sauti hadi zinabeba wimbo. Ngozi ikikazwa mno sauti inapaa, ikilegea inazama. Na kama mti haujakauka, unalinganisha leo, kesho yote yamevurugika.

Tarehe 24 Mei 1966 jeshi la serikali ya Obote lilivamia kasri la Kabaka huko Mengo. Ala zikateketea, wanamuziki wakatawanyika. Mwaka 1967 falme zikafutwa, na Buganda haikupata Kabaka mwingine hadi 1993. Miaka 26! Duka gani linaweza kumkosa mteja wake mkuu muda wote huo na bado likafungua milango?

Naamini kanisa lilisaidia sana. Baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, 1962 hadi 1965, Wakatoliki waliruhusiwa kuingiza muziki wa asili katika ibada, na ngoma ikakaa karibu na altare. Parokia haitaki ngoma ya kulinganishwa na nyingine 11. Inataka mbuutu, ngoma kubwa yenye mvumo unaomfikia aliyekaa mlangoni. Watalii nao walitaka ngoma ya kuingia kwenye sanduku la safari.

Lakini aliyeibadilisha kazi zaidi ni shule. Shule hununua seti: mbuutu, mpuunyi ya besi, nankasa ndogo ya kupigwa kwa vijiti, na engalabi, ile ndefu ya ngozi ya kenge. Huagiza karo zikishalipwa, wiki chache kabla ya mashindano ya muziki. Fundi ana gogo bichi, ana watoto wa kulisha, atafanya nini? Anachonga, anawamba, anauza.

Shule moja iliniletea mbuutu iliyonunuliwa muhula uliotangulia. Nilipofungua kanda, ufa ulikuwa umeshuka kutoka mdomoni hadi katikati, kidole kinapita. Ngozi ilikuwa safi kabisa. Mti ulikuwa umekauka ndani ya ngozi iliyokwisha kukazwa, ukasinyaa, ukapasuka. Hapo hakuna gundi ya kusaidia. Nilivua ngozi, na mzinga, yaani lile gogo lililochongwa, ukawa kuni.

Kwa hiyo ukienda kununua, inyanyue kwanza. Ikiwa nzito kuliko macho yalivyotarajia, mti bado una maji. Igonge ubavuni kwa kifundo cha kidole: mti mkavu hulia, mbichi hujibu kama umegonga muhogo.

Siku hizi fundi ninayemtegemea nampa malipo ya awali wakati wa likizo, shule zimefungwa na barabara imepoa. Anachonga mizinga mitupu, anaiweka kivulini bila ngozi, anaigeuza mara kwa mara. Shule zikifunguliwa, kilichobaki ni kuwamba.