Tambua Mti Wako Kabla ya Kuomba Kibali: Mtarakwa, Msaiprasi, Podo, Mvinje na Mtapo

Tangu kuzinduliwa kwa kampeni ya kitaifa ya Kenya ya kupanda miti bilioni 15 ifikapo mwaka 2032, maombi ya mbegu na ya vibali vya kukata na kusafirisha miti yameongezeka katika ofisi za misitu, na pamoja nayo yameongezeka malalamiko ya wananchi ambao fomu zao zimerudishwa kwa sababu jina lililoandikwa si la mti uliosimama shambani. Mengi ya makosa hayo yanahusu mimea ya mbegu tupu, yaani ile ambayo mbegu zake hazifunikwi na tunda bali hukaa wazi juu ya magamba ya koni au kwenye ncha ya kikonyo. Tunaamini kwamba wengi hukosea kwa nia njema, na ndiyo maana tunaeleza.

Tuanze na kosa ambalo kwa kweli lilipaswa kuwa limekwisha. Mvinje wa Pwani, Casuarina equisetifolia, si msonobari. Kinachodhaniwa kuwa majani ya sindano ni vitawi vya kijani vyenye pingili. Ukivuta kimoja kitaachana kwenye pingili, na hapo utaona duara la vijani vidogo mno, kwa kawaida sita hadi vinane. Kile kinachoitwa koni yake ni kishada cha matunda, kwa kuwa mvinje ni mmea unaotoa maua. Msonobari unaopandwa sana katika mashamba ya serikali, Pinus patula kutoka Mexico, una sindano ndefu zinazoning'inia, kwa kawaida tatu tatu katika kila kifungu, na hazina pingili hata moja.

Mkanganyiko wenye gharama kubwa zaidi ni kati ya mtarakwa na msaiprasi. Mtarakwa, Juniperus procera, ni mti wetu wa asili wa nyanda za juu, nao ndio mjuniperi pekee unaoota kiasili kusini mwa ikweta. Msaiprasi, Cupressus lusitanica, uliletwa kutoka Mexico na Amerika ya Kati. Majani hayatoshi kuitofautisha, kwa sababu mtarakwa mchanga huwa na majani yanayochoma kama sindano, lakini ukikomaa huwa na magamba madogo yaliyolala juu ya kitawi, sawa na ya msaiprasi. Angalia koni. Ya msaiprasi ni ngumu kama mbao, ina kipenyo cha sentimita moja hadi mbili, na magamba yake hupasuka na kuachia mbegu. Ya mtarakwa haifiki sentimita moja, magamba yake ni laini na yameungana, ina rangi ya buluu iliyoiva kuelekea weusi na vumbi jeupe juu yake, kiasi kwamba wengi huiita tunda. Mitarakwa mingi ni ama ya kiume ama ya kike, kwa hiyo mti usio na koni hizo usihukumiwe kuwa ni mgonjwa au tasa. Anayenunua nguzo za ua atazame kiini: cha mtarakwa ni chekundu-kahawia na hustahimili mchwa kwa miaka mingi, ilhali cha msaiprasi ni cheupe-njano na huoza upesi kikiwa ardhini bila dawa. Harufu peke yake si ushahidi, maana msaiprasi uliokatwa karibuni nao hunukia.

Podo huwashangaza watu kwa sababu majani yake ni mapana na bapa, lakini ni jamaa wa kundi hilihili. Katika Podocarpus latifolius mbegu hukaa juu ya kikonyo kilichovimba na kuwa chekundu. Katika Afrocarpus, podo ya jenasi nyingine, kikonyo hakivimbi, na mbegu yenyewe ni ya mviringo.

Kwa mtapo, mmea wa mbegu tupu wenye majani kama ya mnazi, tunaomba umakini wa pekee. Spishi zote za Encephalartos, ikiwemo E. hildebrandtii ya Pwani, E. kisambo ya Taita Taveta na E. tegulaneus ya Samburu, zimo katika Kiambatisho cha Kwanza cha CITES, mkataba unaodhibiti biashara ya kimataifa ya wanyama na mimea iliyo hatarini, na biashara ya kimataifa ya mimea iliyong'olewa porini hairuhusiwi. Hoja kwamba "ni mnazi tu wa mapambo" haikubaliki, kwa kuwa mtapo si mnazi wala si jamaa wa mnazi. Ukitaka kuutofautisha na Cycas ya bustanini, tazama jani dogo moja la pembeni: la Cycas lina mshipa mmoja wa kati, la Encephalartos lina mishipa mingi inayokwenda sambamba. Mbegu za mtapo zina sumu; watoto na mifugo wazuiwe.

Kuhusu adhabu, Kifungu cha 64 cha Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu ya mwaka 2016 kinakataza kukata, kuchukua au kuondoa mazao ya msitu bila leseni au kibali, na anayepatikana na hatia hutozwa faini isiyopungua shilingi 100,000 au kifungo kisichopungua miezi sita, au vyote viwili. Kibali cha kusafirisha kinafuata jina la mti lililoandikwa ndani yake, hivyo shehena ya mtarakwa iliyoandikiwa kibali cha msaiprasi haina kibali.

Anayetilia shaka alete sampuli katika ofisi ya misitu iliyo karibu, au aipeleke Hebaria ya Afrika Mashariki, yaani hifadhi ya sampuli za mimea iliyokaushwa, katika Makumbusho ya Taifa, Nairobi. Sampuli iwe kitawi chenye majani pamoja na koni au mbegu, ikiambatana na picha ya gome na maelezo ya mahali na tarehe. Ibanwe kati ya kurasa za gazeti, wala isifungwe kwenye plastiki, kwani huota ukungu kabla haijafika. Jani moja lililokauka, au picha ya mti iliyopigwa kutoka barabarani, haitatosha kumpa mtu yeyote jina la uhakika.