Uchoraji dhahania wa kupoza moyo: maana yake na namna unavyofanyika

Uchoraji dhahania ni ule usiolenga kuonyesha kitu kinachotambulika: si twiga, si Kilimanjaro, si mama aliyejitwika mkungu wa ndizi. Kinachobaki ni rangi, mistari, maumbo na alama za mkono uliopita. Ukifanywa na mtu aliyefiwa, aliyechoka au anayetoka kwenye ugonjwa, wengi huuita uchoraji wa uponyaji. Neno hilo tulipime vizuri. Kiswahili kina kupona na kina kupoa. Kidonda hupona, chai hupoa, na hasira hupoa. Kazi ya brashi iko upande wa kupoza: huushusha mwili na fikra kutoka kwenye joto, bila kuahidi kwamba chanzo cha maumivu kimeondoka.

Tiba kwa sanaa ni jambo jingine. Jina lake la Kiingereza lilitungwa mwaka 1942 na mchoraji wa Uingereza, Adrian Hill, ambaye alikuwa akichora wakati akiuguzwa kifua kikuu. Leo ni taaluma, na anayeiendesha amesomea. Anayechora barazani kwake Sakina au Majengo, hapa Arusha, hapati tiba hiyo, ila faida haikosekani. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Drexel, Marekani, walichapisha matokeo ya watu wazima 39 waliopewa dakika 45 za kutengeneza sanaa. Kwa takriban robo tatu yao, kotisoli, homoni inayopanda mtu akiwa na msongo, ilipungua kwenye mate. Utafiti ni mdogo, lakini una habari njema kwa anayeanza: kuwa na uzoefu wa sanaa hakukuleta tofauti kubwa.

Kwa nini dhahania, na si picha ya kawaida? Ukichora uso wa marehemu, jicho huanza mara moja kuuliza kama umefanana. Hapo umejiwekea mtihani. Mstari mzito wa buluu hauna cha kufananishwa nacho. Halafu kuna suala la siri: picha inaweza kutundikwa sebuleni, wageni wakanywa chai chini yake, na asijue hata mmoja ilizaliwa wiki gani.

Ubao wa hardibodi wa sentimita 40 kwa 50 unatosha kuanzia. Sugua kwa msasa, pangusa vumbi, kisha paka mikono miwili ya rangi nyeupe ya maji, sehemu nne za rangi kwa moja ya maji, na uache hadi kesho yake. Ukiruka hatua hii ubao hufyonza rangi na kila kitu kinafifia. Kwa kuchorea, chukua akriliki, yaani rangi za plastiki zinazochanganywa na maji, za rangi tatu tu na nyeupe. Tunasisitiza tatu, kwa sababu kosa linalowavunja moyo wengi ni tope. Nyekundu ikikutana mbichi na kijani, au buluu na chungwa, zinauana na kutoa kahawia chafu, na mtu aliyekuja na huzuni anaondoka akiamini hata rangi zimemkataa. Dawa ni kusubiri. Tabaka jembamba hukauka kwa dakika 20 hadi 30. Liguse pembeni kwa mgongo wa kidole, na likiwa bado la baridi, halijakauka.

Tabaka la kwanza liwe jepesi, lakini maji yasizidi theluthi ya rangi, la sivyo rangi haishiki vizuri. Tabaka la pili ndilo lenye raha. Weka kiasi cha kijiko cha chai cha rangi nzito kwenye ukingo wa ubao, shika kadi ngumu ya plastiki iliyokwisha muda, na uivute taratibu kuelekea upande wa pili huku ukitoa pumzi. Mwanzoni rangi hufunika yote, katikati inaanza kukatika, mwishoni inabaki mikwaruzo inayoachia tabaka la chini lichungulie. Urefu wa mvuto mmoja ni urefu wa pumzi moja. Mkono ukiharakisha, alama itakuonyesha.

Usitumikie orodha za maana za rangi. Nyekundu huelezwa mara nyingi kuwa rangi ya hasira; kwa aliyekulia Arusha inaweza kuwa shuka ya Kimaasai aliyofunikwa usiku wa baridi ya Julai. Chagua rangi ambayo jicho linarudia lenyewe.

Anayetaka rangi ya nyumbani atumie udongo. Ukaushe, utwange, uchekeche kwa kichujio cha chai, kisha changanya kijiko kimoja cha unga huo na kijiko kimoja cha gundi nyeupe ya mbao. Gundi ikipungua, picha itaacha vumbi mkononi. Ikizidi, itang'aa kama plastiki.

Rangi ya mafuta ya dukani, ile inayochanganywa na thina na ambayo wachoraji wa Tingatinga wameizoea, ni imara na ina mng'ao mzuri, ila mvuke wake haufai chumba kilichofungwa, na haufai kabisa kwa mwenye pumu au mjamzito. Msimu wa ukavu vumbi hunata kwenye rangi mbichi, kwa hiyo kaushia ndani, mbali na njia. Na ujue kwamba akriliki hukolea kidogo ikikauka, basi ichanganye ikiwa nyeupe zaidi ya unavyotaka.

Kikao kisizidi saa moja. Kama baada ya kuchora usingizi unazidi kupotea, chakula hakipiti, au mawazo ya kujidhuru yanakuja, weka brashi chini na uende hospitali siku hiyohiyo, pamoja na mtu wako wa karibu.

Picha ikikauka, andika tarehe nyuma kwa penseli na uigeuzie ukutani kwa wiki nzima. Ukiitazama tena na kuna sehemu inayokukera, ipitishie tabaka jembamba sehemu hiyo tu. Chini yake, ile ya mwanzo itaendelea kuonekana kwa mbali.