Mwalimu wa Masomo ya Jamii na makongamano: yasemwayo na yaliyo kweli

Tangazo la warsha likibandikwa kwenye ukuta wa chumba cha walimu hapa Nairobi, mwalimu wa Masomo ya Jamii mara nyingi hulipita tu. Anaamini halimhusu. Imani hiyo inaliumiza somo letu, nayo inasimama juu ya dhana ambazo hazina uzito zinapochunguzwa.

"Mafunzo kazini ni ya walimu wa sayansi na hisabati."

Dhana hii ina chanzo. Mwaka 1998 ulianza mradi wa SMASSE, kwa ushirikiano wa Kenya na Japani, ukawapa walimu wa sayansi na hisabati mafunzo ya mfululizo. Kituo chao, CEMASTEA, kiko Karen hadi leo. Sisi hatukupata kitu cha ukubwa huo, na ni haki kulisema hilo waziwazi.

Lakini somo letu lilipata sura yake ya Kiafrika kongamanoni. Agosti 1968, wataalamu wa elimu kutoka nchi 11 za Afrika walikutana Mombasa kujadili watoto wa mataifa yaliyotoka kupata uhuru wafundishwe nini kuhusu jamii zao, na kwa njia gani. Mkutano huo ulizaa Mpango wa Masomo ya Jamii wa Afrika, na sekretarieti yake ikawekwa hapa Nairobi. Mfumo wa 8-4-4 ulipoingia mwaka 1985, shule zetu za msingi zikaanza kufundisha Jiografia, Historia na Uraia kama somo moja, ile GHC ambayo wazazi wengi wa leo waliisoma. Mwalimu anayesema makongamano si ya somo lake hajasimuliwa historia hiyo.

"Cheti cha kongamano kinatosha kama moduli ya TPD, na kitanipandisha cheo."

La. TPD ni mpango wa maendeleo ya kitaaluma ya walimu chini ya TSC, yaani Tume ya Utumishi wa Walimu. Kifungu cha 35 cha Sheria ya TSC ya 2012 kinaipa tume mamlaka ya kumtaka kila mwalimu aliyesajiliwa ajiendeleze kitaaluma. Mpango wa TPD uliozinduliwa Septemba 2021 ulikabidhiwa vyuo vikuu vya Kenyatta, Mount Kenya na Riara, pamoja na KEMI, taasisi ya usimamizi wa elimu. Ulipangwa uwe na moduli sita, kila moja ikichukua miaka mitano, kwa ada ya shilingi 6,000 kwa mwaka. Vyama vya walimu viliipinga ada hiyo, na naona vilikuwa na hoja: anayelazimisha masomo ndiye wa kuyagharamia. Hata hivyo, cheti cha kongamano la siku mbili hakichukui nafasi ya moduli, wala moduli haichukui nafasi ya usaili wa kupandishwa cheo. Nenda kongamanoni kwa ajili ya darasa lako.

"Pasipo hoteli na posho hakuna mafunzo."

Hapa ndipo tunapopoteza mengi, maana Nairobi yenyewe ni hazina ya mwalimu wa somo hili. Katika jengo la Nyaraka za Kitaifa, Moi Avenue, zimehifadhiwa ripoti za kila mwaka za maafisa wa wilaya wa enzi ya ukoloni. Walimu watatu wa shule jirani wakikaa humo siku moja ya likizo, wachague ukurasa mmoja, waulize nani aliuandika, alitaka kumridhisha nani, na sauti ya nani haimo, watatoka na kipindi cha Gredi ya 8 ambacho hakuna kitabu cha kiada kitakachowapa. Hayo ni maendeleo ya kitaaluma, tena ya gharama ndogo.

Kasarani kuna RCMRD, kituo cha kikanda cha ramani kilichoanzishwa mwaka 1975, ambacho hutoa mafunzo ya kutumia picha za satelaiti. Kuhusu utawala, Ibara ya 118 ya Katiba inalitaka Bunge lifanye shughuli zake wazi na kuwashirikisha wananchi, hivyo mwalimu anaweza kufuatilia kikao cha kamati kabla ya kumfundisha mtoto jinsi sheria inavyotungwa. Nayo KICD, taasisi ya kukuza mitaala, ina jukwaa la mtandaoni la Elimika kwa ajili ya walimu.

"Ng'ambo huenda wenye watu wakubwa."

NCSS, chama cha walimu wa somo hili nchini Marekani kilichoanzishwa mwaka 1921, hufanya kongamano lake kila mwaka, kwa kawaida kati ya Novemba na mwanzoni mwa Desemba, wakati shule nyingi zetu zimefunga. Nauli, viza na kiingilio ni juu yako. Kwa miaka mingi pia kumekuwa na Fulbright TEA, mpango wa wiki sita katika vyuo vikuu vya Marekani kwa walimu wa sekondari, wa Masomo ya Jamii wakiwemo, ambao ulilipia safari na makazi. Walimu kutoka Kenya wameupata kwa kutuma maombi ya kushindaniwa.

Jihadhari tu na barua pepe inayokusifu kwa utafiti ambao hukuufanya, kisha ikakutaka utume pesa za hoteli kwanza. Huo ni utapeli.

"Mwalimu mkuu hatanipa ruhusa."

Ombi linalofika Alhamisi kwa kongamano la Ijumaa hukataliwa, na kwa haki. Liandike wiki kadhaa mapema, utaje mwenzako atakayekushikia vipindi, uambatishe ratiba ya kongamano, na upendekeze tarehe ya kikao ambapo utawafundisha wenzako ulichokipata.