Mashimo 32 ya bao: dhana potofu na ukweli kuhusu ongezeko la watu

Chukua bao la kete, lile la mashimo 32. Weka punje moja ya mahindi kwenye shimo la kwanza, mbili kwenye la pili, nne kwenye la tatu, na uendelee hivyo, kila shimo mara mbili ya lililotangulia. Ukifika shimo la 16, nusu ya bao, umetumia punje 65,535. Punje elfu moja zina uzito wa gramu 300 hivi, kwa hiyo mpaka hapo ni kama kilo 20, yaani debe moja. Sasa maliza nusu iliyobaki. Utahitaji karibu tani 1,300. Malori ya tani 30 yatakayoleta mahindi hayo hayapungui 40.

Kanuni haikubadilika hata mara moja. Nusu ya kwanza ilikula debe, nusu ya pili imekula msafara wa malori, na shimo la mwisho peke yake limebeba punje nyingi kuliko mengine 31 yote kwa pamoja. Naanza na bao kwa sababu makosa mengi tunayofanya tukizungumzia idadi ya watu yanatokana na kuusahau mchezo huu.

Dhana: "Asilimia 3 kwa mwaka ni kidogo."

Aliyewahi kuchukua mkopo wa riba juu ya riba anajua kwamba si kidogo. Ipo njia ya haraka ya kukadiria: gawanya 70 kwa asilimia ya ongezeko, upate miaka ambayo idadi itachukua kuwa maradufu. Sensa ya Tanzania ya 2022 ilionyesha ongezeko la asilimia 3.2 kwa mwaka. Sabini kwa 3.2 ni karibu miaka 22. Mtoto aliyezaliwa mwaka wa sensa, mwendo ukibaki uleule, atatimiza miaka 22 katika nchi yenye watu zaidi ya milioni 120.

Hesabu za nyuma zinasema vivyo hivyo. Mwaka 1967 tulihesabiwa milioni 12.3. Mwaka 1988 tulikuwa milioni 23.1, mwaka 2012 milioni 44.9, na mwaka 2022 milioni 61.7. Kati ya sensa mbili za mwisho, miaka kumi tu, tuliongezeka watu milioni 16.8. Hao peke yao wanawazidi Watanzania wote waliohesabiwa mwaka 1967. Kila ninapoirudia hesabu hii inanishtua, maana shule, zahanati na visima vya watu hao vilitakiwa vijengwe ndani ya miaka hiyo kumi, juu ya vile ambavyo tayari vilikuwa havitoshi.

Dhana: "Mambo yakiwa mabaya tutaona mapema."

Waulize wavuvi wa Ziwa Victoria kuhusu gugumaji. Mmea huu asili yake ni Amerika Kusini, na ulionekana ziwani mwishoni mwa miaka ya 1980. Ukipata joto na maji yenye rutuba, unaweza kujiongeza maradufu ndani ya wiki mbili hivi. Fikiria ghuba ambayo gugumaji limefunika sehemu moja tu kati ya 64. Mvuvi akitazama anaona maji matupu, na vijisiwa vya kijani huku na kule. Lakini toka hapo hadi ghuba kufunikwa yote ni maradufu sita tu: wiki 12. Siku ghuba inapofunikwa nusu, na kila mtu anapoanza kupiga kelele, zimebaki wiki mbili.

Katika miaka ya 1990 Kisumu na bandari nyingine waliyaona hayo. Mitumbwi ilikwama na pampu za maji zikaziba. Ilibidi waletwe wadudu wa jamii ya fukusi wanaokula mmea huo, na mvua za El Niño za 1997 na 1998 nazo zikachangia kulivunja zulia lile. Gugumaji halijaisha mpaka leo.

Dhana: "Ardhi bado ipo tele, safiri uone."

Kweli, ukisafiri kwa basi kutoka Dodoma kwenda Tabora unapita mapori marefu. Lakini mtu haishi kwa eneo la ramani. Anaishi kwa ardhi inayolimika, maji, kuni, malisho, na umbali anaoweza kutembea kuvifikia.

Tazama mteremko wa Kilimanjaro. Mchagga wa zamani alikuwa na kihamba cha migomba na kahawa, na alikigawa kwa wanawe. Kihamba cha ekari nne kikigawanywa kwa wana wanne, kila mmoja anapata ekari moja. Kila mwana naye akiwa na wana wanne, mjukuu anabaki na robo ekari, mahali pa nyumba na migomba michache. Ni vizazi viwili tu. Ndiyo maana wengi wameteremka kulima tambarare, na wengine wakatawanyika kutafuta maisha kila kona ya nchi.

Maji hayana hata nafasi hiyo ya kuteremkia tambarare. Idadi yetu imeongezeka mara tano tangu 1967, lakini mvua haikuongezeka mara tano. Kwa wastani, fungu la kila mtu ni moja ya tano ya lile alilokuwa nalo babu yake. Mto Ruaha Mkuu, ambao zamani ulitiririka mwaka mzima, tangu 1993 umekuwa ukikauka kiangazi ndani ya Hifadhi ya Ruaha. Juu yake, bonde la Usangu, mashamba ya mpunga ya umwagiliaji yalikuwa yamepanuka, na mifugo imeongezeka.

Wazee husema kila mtoto huja na riziki yake. Siwapingi. Ila mto haukuongezewa maji siku mtoto huyo alipozaliwa.

Dhana: "Malthus alikosea, kwa hiyo tusihofu."

Thomas Malthus, mchumi wa Kiingereza, aliandika mwaka 1798 kwamba watu wataongezeka kuliko chakula. Hakuiona mbolea ya viwandani iliyokuja mwanzoni mwa karne ya 20, wala mbegu bora za ngano na mpunga za miaka ya 1960. Ni kweli zilimsuta. Lakini mbolea ile hutengenezwa kwa kiasi kikubwa kwa gesi asilia, ambayo nayo ina mwisho. Na hata tukigundua hazina nyingine kubwa sawa na yote tuliyokuwa nayo tangu mwanzo, kama matumizi yanajiongeza maradufu kila baada ya miaka 22, hazina nzima hiyo ya ziada haifikishi hata miaka hiyo 22.

Dhana: "Tatizo ni maskini wanaozaa sana."

Hapa wengi wanakosea kwa ukatili. Mmarekani mmoja kwa mwaka hutoa hewa ukaa zaidi ya mara 40 ya Mtanzania mmoja. Mzigo ni idadi ya watu mara matumizi ya kila mtu, na ukitaja kimoja ukanyamaza kingine umedanganya.

Dhana: "Ongezeko hili halitakoma."

Litakoma, na duniani limeshapungua kasi: miaka ya 1960 lilizidi asilimia 2 kwa mwaka, sasa halifiki 1. Kenya, mwishoni mwa miaka ya 1970, mwanamke alizaa kwa wastani watoto wanane. Utafiti wa 2022 ulikuta 3.4. Tanzania tumetoka zaidi ya sita mwanzoni mwa miaka ya 1990 hadi 4.8 mwaka 2022. Msichana akibaki darasani hadi sekondari, na huduma za uzazi wa mpango zikiwa karibu naye, uzazi hushuka bila kumlazimisha mtu. Uamuzi wa Novemba 2021 wa kuwaruhusu wasichana waliojifungua kurudi shuleni naupokea kwa moyo wote.

Lakini kupungua kwa uzazi hakuwi kupungua kwa watu papo hapo. Zaidi ya Watanzania 40 katika kila 100 hawajafikisha miaka 15. Hata kila mmoja wao akiamua kuzaa wawili tu, wao wenyewe ni wengi kuliko wazazi wao. Akina mama watakaojifungua mwaka 2040, karibu wote, walikwisha kuhesabiwa katika sensa ya 2022, wengine wakiwa bado mgongoni.