Tofali la kuchoma sio la kufichwa

Hapa Dodoma mtu akijenga kwa tofali za kuchoma anachowaza ni lipu tu, apige haraka ukuta usionekane, utadhani tofali ni aibu. Na sisi tunaoshughulika na majengo ya zamani swali tunaloulizwa sana ndo hilo hilo, hivi tofali la kuchoma linaweza kupendeza kwenye ghorofa kweli? Linaweza, na mfano ninaoupenda uko Amsterdam, Uholanzi.

Kuna jengo la wapangaji linaitwa Het Schip, lilikamilika 1921, lina makazi 102 na posta yake pembeni. Wapangaji wenyewe walikuwa wafanyakazi wa kipato cha chini, maana sheria ya nyumba ya mwaka 1901 iliwezesha vyama vya nyumba kupata hela za serikali na kujengea watu makazi ya maana. Mchoraji wa ramani yake, Michel de Klerk, urembo wake mkubwa kautoa kwenye tofali hilo hilo, yaani kacheza nalo haswa, huku kalilaza, kule kalisimamisha wima, kona kazizungusha, ukuta unavimba halafu unarudi ndani, na juu kapachika mnara usio na kazi yoyote, wa kutazamwa tu (mimi naona alizidisha kidogo, ila ndo alama ya jengo). Posta siku hizi ni makumbusho, ila kwenye nyumba watu bado wanaishi.

Sasa tuje kwetu. Tofali likiachwa wazi hivyo linataka fundi mwenye subira, kwa sababu kozi (mstari mmoja wa tofali) ikipinda hakuna lipu ya kuficha. Ukitaka kujua tofali limeiva, shika mawili uyagonganishe, likilia kama chuma limeiva, likitoa sauti nzito ya kufa limechomwa nusu, hilo weka pembeni. Halafu kabla ya kujenga yalowekwe, hapa kwetu hasa, maana jua la Dodoma na upepo wake vinakausha tofali mpaka likigusa udongo wa simenti linanyonya maji yote, simenti inakauka bila kushika, baada ya muda unachokonoa kwa kidole inamwagika mchanga.

Lakini kinachoua kuta nyingi za zamani ni marekebisho. Majengo mengi ya tofali ya zamani yaliungwa kwa chokaa, na chokaa ni laini kuliko tofali lenyewe, kwa hiyo unyevu unaopanda kutoka chini unatokea kwenye maungio, yakichoka unayakwangua unaziba upya, tofali linabaki zima. Anakuja mtu na nia nzuri kabisa, anaziba maungio kwa simenti kali na kupiga lipu ya simenti juu yake, unyevu unakosa njia, unatokea kwenye tofali, na ardhi ya huku mnaijua ina chumvi, chumvi inagandia nyuma tu ya uso wa tofali, inatanuka, uso unabanduka tabaka kwa tabaka kama chapati. Mwenye nyumba anaona chumvi inakula ukuta, anaongeza simenti nyingine, tatizo linapanda juu zaidi ya pale.

Kama una nyumba ya hivyo, anza na maji, angalia bati linamwaga wapi na udongo wa nje haujapanda juu ya msingi. Lipu iliyovimba itoe, uache ukuta ukauke miezi kadhaa, ile chumvi nyeupe ifagie kwa brashi kavu, usiioshe, maji yanairudisha ndani. Ukija kuziba, tumia chokaa moja kwa mchanga tatu, mchanga uliooshwa, na uning'inize magunia yaliyoloweshwa mbele ya ukuta, chokaa inashika taratibu sana na jua la hapa halina mchezo. Fundi akikwambia aongeze simenti kidogo iwahi kukauka, mkatalie.